Mbegu safi ya muhogo haijiuzi

Pita vijiji vya Mkuranga, mkoa wa Pwani hapa Tanzania, siku chache kabla ya mvua za masika. Chini ya miembe utakuta vijiti vya muhogo vimefungwa mafungu mafungu, vimesimamishwa kivulini visikauke. Chukua viwili, kimoja kutoka shamba lililokaguliwa, kingine kutoka kwa jirani ambaye mihogo yake ilioza ardhini msimu uliopita. Vishike mkononi. Rangi ni ile ile, unene ni ule ule, na macho ya kuchipua ni yale yale. Haya, kile cha kwanza utaniongezea shilingi ngapi?

Sisi tunaofanya uchumi wa kilimo huliita swali hilo utayari wa kulipa. Mara nyingi jibu linapokuja dogo, watu wa mijini huhitimisha kwamba mkulima ni mbishi, au hajaelimika, au anapenda vya bure. Kwa miaka niliyokaa na wakulima wa muhogo sijaona ubishi huo. Nimeona mtu anayekataa kulipia kitu asichoweza kukiona, na mimi sokoni hufanya hivyo hivyo.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato haujifichi. Majani hupata mabaka ya manjano, hujikunja, na mmea hudumaa. Mtaalamu wa mimea Warburg aliueleza ugonjwa huu mwaka 1894, wakati nchi hii iko chini ya Wajerumani, na mkulima yeyote leo atakuonyesha shina lenye batobato bila kusubiri bwana shamba. Michirizi kahawia ni habari nyingine. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Storey, mtafiti aliyekuwa kituo cha Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, na tangu siku hiyo tabia yake ni ya kuvizia. Majani ya chini hupata umanjano kando ya mishipa, lakini majani ya chini si huzeeka tu? Shina linaweza kuwa na michirizi, linaweza lisiwe nayo. Mmea unasimama, unapendeza, wapita njia wanausifu. Siku ya kuvuna unapasua muhogo, ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hauliki, haufai kwa makopa, na mnunuzi wa kiwandani anaurudisha. Kwa aina zisizostahimili, hasara ya uzito wa mihogo inaweza kufika asilimia 70.

Kinachouma ni kwamba wakati huo vijiti vya shamba lile vimeshagawiwa. Shemeji kachukua mzigo, jirani kachukua mzigo, na wewe mwenyewe umeshapanda. Nzi weupe husambaza virusi vya michirizi kahawia, lakini hawavifikishi mbali, maana virusi havidumu mwilini mwao kwa muda mrefu. Anayeuvusha ugonjwa kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu, na vijiti vyake nyuma ya baiskeli.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mbegu ya muhogo methali hii inagoma. Kizuri na kibaya vinafanana sura, na kibaya kinatolewa bure. Kwa watu wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa, kuombana mbegu ya muhogo ni ujirani. Ukimwomba mtu vijiti akakutajia bei, kijiji kizima kitamsema. Kwa hiyo anayeuza mbegu safi hashindani na muuzaji mwenzake. Anashindana na ukarimu.

Mwanzoni mwa kazi nilijifunza hili kwa aibu. Tulipita na madodoso, tukiuliza: ikiletwa mbegu safi, utanunua? Kwa kiasi gani? Watu walitukaribisha, wakatupa viti, wakatutajia bei nzuri ajabu. Nikaandika taarifa yenye matumaini tele. Msimu ulipofika lori la vijiti likaja, wanunuzi wakawa wa kuhesabu. Bibi mmoja aliyekuwa amenitajia bei kubwa kuliko wote nikamuuliza, mama, mbona ulisema utanunua? Akacheka. "Mwanangu, ulikuwa mgeni. Ningekujibu nini?"

Tangu hapo sitegemei bei ya mdomoni. Ipo njia iliyoandikwa mwaka 1964 na watafiti Becker, DeGroot na Marschak, ambayo kijijini tunaifanya kama mchezo. Mkulima anataja bei ya juu kabisa atakayotoa kwa mzigo wa vijiti. Kisha anaingiza mkono kwenye mfuko wenye vikaratasi vya bei mbalimbali. Akitoa kikaratasi chenye bei sawa na aliyotaja, au chini yake, analipa bei ya kikaratasi, papo hapo, taslimu. Akitoa chenye bei ya juu zaidi, hanunui, hata abembeleze. Ujanja hapa haulipi. Ukitaja bei ndogo ili upunguziwe, hupunguziwi chochote, maana bei inatoka mfukoni; utakosa tu mbegu uliyoitaka. Ukitaja kubwa ili kumfurahisha mgeni, huenda ukalazimika kuilipa. Wakulima huelewa mantiki hii haraka kuliko wanafunzi wangu.

Fedha halisi ikiingia, maelezo matamu hayana nguvu sana. Aina mpya huvuta mfuko kuliko usafi wa aina ile ile ya zamani, kwa sababu upya unaonekana: muhogo umekomaa mapema, au unaiva laini, au unga wake ni mweupe. Mkulima hanunui "kutokuwa na ugonjwa" peke yake. Ukitaka alipie usafi wa aina anayoilima tayari, Kiroba kwa mfano, hotuba haitoshi. Weka mezani mihogo miwili iliyopasuliwa, mmoja mweupe na mmoja wenye mabaka. Wanawake ndio huwa wa kwanza kusogea, kwa kuwa wao ndio humenya, na wao ndio hutupa nusu ya karai. Bahati mbaya fedha ya msimu mara nyingi iko mfuko wa mume, ambaye kisu cha kumenyea hakishiki. Ukiuliza utayari wa kulipa, uliza kwanza nani analipa.

Tufanye na hesabu, kwa mfano tu. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja inahitaji pingili, yaani vipande vya kijiti vya kupanda, kama 4,000. Tuseme pingili moja ni shilingi 50: hizo ni shilingi 200,000, kabla ya kulima na kupalilia, na zinatakiwa kipindi ambacho nyumba nyingi hazina kitu. Hapo hata mimi ningeomba kwa jirani. Lakini nani alisema mbegu safi inunuliwe ya ekari nzima? Pima kipande cha mita 20 kwa 20. Ni moja ya kumi ya ekari, kinachukua pingili 400, yaani shilingi 20,000. Kitunze vizuri, na msimu unaofuata vijiti vyake vinaweza kukupa pingili mara nane hadi kumi ya ulizopanda. Ekari yako imepatikana. Muhogo una subira hii, tofauti na mahindi chotara ambayo kila mwaka yanakurudisha dukani.

Kipande hicho lakini usikiweke ubavuni mwa muhogo wa zamani. Kiweke mbali, katikati ya mahindi au kunde. Kila ukipita kupalilia, ng'oa shina lenye dalili bila huruma. Wengi hushindwa hapa. Kung'oa mmea ulioununua ni kama kutupa noti, na mkono unasita. Shina moja lililoachwa ni mtaji wa nzi weupe. Na mashamba ya jirani yakiwa yamejaa ugonjwa, mbegu yako safi itachafuka misimu michache mbele, hata ujitahidi vipi. Ndiyo maana majirani watano walionunua pamoja hupata thamani kubwa kuliko mmoja aliyenunua peke yake, na ndiyo maana bei ambayo mkulima mmoja yuko tayari kulipa huwa ndogo kuliko faida ambayo mbegu ile inaleta kijijini. Pengo hilo serikali na wafadhili wana sababu ya kulifidia. Ila kuligawa lori zima bure, halafu kutoweka miaka mitatu, ni kumuua muuzaji wa pale kijijini. Nani atanunua leo akijua mradi unakuja kesho?

Tanzania ina TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu, na wakaguzi wake huingia mashamba ya mbegu za muhogo kama wanavyoingia ya mahindi. Wapo wakulima wazalishaji waliosajiliwa vijijini, wengine wakizalisha daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake chini ya ukaguzi. Kabla ya kulipa, uliza shamba lilikaguliwa lini na vijiti mama vilitoka wapi. Simu nayo inasaidia: programu ya Nuru hutazama jani kwa kamera na kukueleza ugonjwa kwa Kiswahili. Ni ya majani tu, kumbuka, na michirizi kahawia hupenda kukaa kimya kwenye majani.

Mzalishaji mmoja ninayemfahamu ana njia yake. Mnunuzi akifika hamwonyeshi cheti kwanza. Anampa jembe. "Chagua shina unalotaka, ling'oe." Nilikuwepo siku alipokuja mama mmoja mwenye mashaka kweli kweli. Aliyaruka mashina yote ya karibu na njia, akaenda pembeni kabisa, kwenye kona yenye mteremko, akang'oa. Mihogo minne. Akaikata kila mmoja mara tano, vipande vyembamba kama vya kukaanga, akivigeuza juani kimoja kimoja. Vyote vyeupe. Mwenye shamba alikuwa kimya, amepoteza shina moja.

Mama akafungua pindo la kanga. Hakununua za ekari. Alinunua pingili 400.