ARV haili ini lako

Nimechoka kuisikia: "Hizi dawa za kufubaza virusi zitaniachia saratani ya ini." Anayesema hivyo ndiye huyo huyo anayeruka dozi wiki mbili "ini lipumzike", kisha ananunua chupa ya mitishamba ya kusafisha ini. Jamani, ini halipumziki hivyo.

Uvumi huu una mzizi, sikatai. Nevirapine, ARV ya zamani, iliunguza maini ya watu kweli, hasa miezi ya mwanzo, na zaidi kwa wanawake walioianza CD4 (seli za kinga) zikiwa juu ya 250. Stavudine, nyingine ya zamani, nayo ilijaza mafuta kwenye ini. Lakini TLD, ARV wanayomeza wengi sasa, ni kidonge kingine kabisa: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300, dolutegravir 50. Hizo mbili za kwanza zinakibana pia kirusi cha homa ya ini B, na B ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya saratani ya ini kwetu. Pombe, homa ya ini C na sumukuvu (sumu ya ukungu) ya mahindi na karanga vinaongezea. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, kwa hiyo karanga zilizosinyaa na kuota ukungu usizisage, tupa.

Sasa linaloniudhi. Mwenye VVU na B kwa pamoja akiacha TLD ghafla, B huibuka upya na kulishambulia ini, wengine hadi linashindwa kazi. Mtu anapata manjano, kisha lawama inaangukia dawa aliyoiacha! Hatari hiyo hiyo ipo anapobadilishiwa dawa bila B kukumbukwa. Figo zikisumbua, tenofovir inatolewa, inawekwa abacavir, ambayo haigusi B. Lamivudine ikabaki peke yake mbele ya B, na kirusi hujifunza kuikwepa. Hapo huongezwa entecavir, dawa ya B. Sindano za VVU za kila miezi 2 za cabotegravir na rilpivirine, wanazozisubiri wengi kwa hamu, hazigusi B hata kidogo.

Na kile kipimo cha wingi wa virusi mnachoshangilia CTC (kliniki ya VVU) ni cha VVU. Hakisemi lolote kuhusu B. ALT (kipimo cha damu cha ini) ya kawaida nayo si cheti cha usalama.

Tenofovir inapunguza hatari, haiifuti. B hupachika vinasaba vyake ndani ya seli za ini, na inaweza kuzaa saratani hata kwenye ini lisilo na makovu. Ndiyo maana hupimwa ultrasaundi kila miezi 6, pamoja na AFP (kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini) panapowezekana. Niseme ukweli: ultrasaundi ni mkono wa mpimaji. Uvimbe wa sentimita 1 kwenye ini lenye makovu, mgonjwa akiwa mnene, unapita hivi hivi. AFP nayo huwa ya kawaida kwa wengi wenye uvimbe mdogo. Tunavitumia kwa sababu ndivyo tulivyo navyo.

Fungua kadi yako, tafuta HBsAg, kipimo cha homa ya ini B. Pameachwa wazi? Omba upimwe. Ikiwa hasi na huna kinga, chanja: mwezi 0, wa 1 na wa 6, na kwa mwenye VVU miongozo mingi hutaka dozi mara mbili ya kawaida. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho pima kingamwili; ikiwa chini ya 10, chanjo haijashika, inarudiwa.