Choo cheusi kilitoka lini?

Mama akiniletea mtoto aliyesumbuliwa na choo kigumu kwa miezi, huwa na mfuko wa dawa za maji zilizoshindwa, na wakati mwingine habari ya kipande cha sabuni alichoshauriwa na majirani. Mimi humrudisha nyuma kabisa: "Mama, alipozaliwa, choo cheusi kilitoka lini?"

Kwa kawaida choo hicho cha kwanza hutoka ndani ya saa 24. Kikipita saa 48, nawaza ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huumbika bila seli za neva, basi hubaki imebana na choo hurundikana juu yake. Huwapata takriban mtoto 1 kati ya 5,000.

Namkumbuka mvulana wa miaka 2, tumbo limejaa kama ngoma, mikono myembamba. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala. Nilipompima kwa kidole, njia ya haja kubwa ilikuwa tupu na imebana. Nilipokitoa, upepo na kinyesi viliruka kwa nguvu. Choo cheusi, mama akakumbuka, kilitoka siku ya nne. Tukachukua kipande kidogo cha nyama ya utumbo huo, maabara haikuona seli zile za neva. Huyo alihitaji upasuaji, na dawa zote zile zilikuwa zimemla muda.

Walio wengi hawako hivyo. Siku moja choo kiliuma, mtoto akaogopa. Akibanwa husimama kwa ncha za vidole, hukaza makalio, hujificha nyuma ya mlango. Mzazi hudhani anasukuma, kumbe anazuia! Choo kikikaa hukauka, kikiuma zaidi naye huzuia zaidi, mpaka utumbo unatanuka na hausikii tena haja. Choo kilaini huvuja pembeni mwa donge na kuchafua chupi, naye huchapwa, au hupewa dawa ya kuzuia kuhara. Tafadhali, msimchape. Kwake dawa hushindwa kwa sababu donge la zamani halikutolewa kwanza, au dozi ilikatishwa wiki ya pili ilhali inatakiwa miezi.

Kutafuta sababu nyingine, mimi hukagua pia mgongo, kama kuna kishimo au kishungi cha nywele juu ya makalio, na nikiona dalili hupima homoni za tezi ya shingo. Maziwa ya ng'ombe nayo huulizia.

Kwa hiyo mkija, leteni kadi ya kliniki. Na kama bibi ndiye aliyemwogesha mtoto siku zile za kwanza, aje naye.