Akaunti Ikidukuliwa, Ubishe Mlango Upi?

Mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa alikuja ofisini kwetu, Mbeya, simu mkononi, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akaunti yake ya biashara ilidukuliwa usiku. Kulipokucha tapeli akatangaza mchele kwa bei ya kutupa, akaweka namba yake ya kupokea pesa, na mteja wa Makambako akalipia gunia zima. Mama aliiandikia kampuni yenye mtandao ule mara nne. Mara zote alijibiwa na mashine, kwa Kiingereza.

Kampuni iko ng'ambo, wala haina dirisha Mbeya. Mamlaka ya nchi ina anwani, ina sheria, na inamsikiliza mwananchi kwa lugha yake.

Umoja wa Ulaya umelipanga hili kwa namna ninayotamani tuige. Kwa sheria yao ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022, mtandao wenye watumiaji milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja huhesabiwa kuwa mkubwa sana. Kamisheni ya Ulaya ndiyo inayoibana mitandao hiyo, na faini yaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya kampuni ya mwaka, duniani kote. Lakini kila nchi mwanachama hutakiwa kuwa na mratibu wake, yaani ofisi ya kusimamia sheria hiyo. Mkulima wa Ureno hulalamika kwa mratibu wa Ureno, naye huyavusha malalamiko hadi nchi yenye makao ya kampuni, mara nyingi Ireland. Wengi husifia faini. Mimi nausifu zaidi huo mlango wa karibu.

Kwetu milango ni kadhaa. Udukuzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anzia polisi. Namba ya tapeli itume TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia namba 15040. Taarifa zako zikitumika bila ridhaa yako, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Nawaomba sana: msifute kitu. Yule mama, kwa hasira, alikuwa ameshafuta meseji zote za tapeli. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, namba na tarehe, kisha mtumie ndugu unayemwamini akutunzie. Mama huyo aliokolewa na mteja wa Makambako, aliyekuwa bado na meseji ya muamala kwenye simu. Tukaenda nayo polisi mchana uleule.