Kabla ya Kibodi: Sayansi ya Kompyuta kwa Watoto wa Shule za Msingi

Katika shule nyingi za msingi nchini Uganda, somo la kompyuta, pale linapofundishwa, huanza kwa mchoro. Mwalimu huchora skrini, kibodi, kipanya na kile kisanduku kinachokaa chini ya meza kwenye karatasi ya manila, huandika majina pembeni, na wanafunzi huyanakili daftarini ili wayakariri. Mtoto anayemaliza muhula kwa namna hii anaweza kutaja sehemu zote za mashine ambayo hajawahi kuigusa, lakini ukimuuliza ni kwa nini mashine hiyo hutii amri moja na kuikataa nyingine, hana la kusema. Sisi tunaowaandaa walimu hatuwezi kujitoa katika kosa hili, kwa kuwa kwa muda mrefu tumeizungumzia kompyuta kama kifaa tu, na shule zikabaki zinasubiri kifaa kifike.

Sayansi ya kompyuta ni elimu ya kupanga hatua, ya kuwakilisha habari kwa alama, na ya kutafuta kosa pale hatua hizo zinapokwenda mrama. Mambo hayo matatu mtoto wa darasa la nne anayaweza akiwa na chaki, kokoto na wenzake. Tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, pamoja na wenzake, walianza kutunga mazoezi ya kufundisha sayansi hiyo bila kuwasha mashine yoyote, na hali mazoezi hayo yalitoka katika nchi isiyo na uhaba wa kompyuta. Kwa hiyo, anayedhani kwamba kufundisha namna hii ni chakula cha maskini amepotoka.

Hapa kwetu tunacho kifaa kinachofaa kuliko vingi vinavyoagizwa kutoka nje, nacho ni omweso. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, na huchezwa kwa kete 64. Wenyeji wa pwani watautambua mara moja kuwa ni ndugu wa bao lao. Mchezaji huchukua kete zote za shimo moja, akazisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata upande wake, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzikusanya zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Hapo tayari kuna amri, kuna kurudia, na kuna sharti la kusimama. Ukiondoa ubao na kokoto, programu yoyote ya kompyuta imejengwa kwa vitu hivyo hivyo.

Katika shule moja ya msingi wilayani Busia, karibu na mpaka, nilikaa nyuma ya darasa la tano mwalimu alipowataka wanafunzi wawili wawili waandike jinsi ya kusambaza kete, kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuucheza mchezo huo angeweza kufuata. Sheria za kula kete za mpinzani aliziacha kwa siku nyingine. Walipomaliza, kila jozi ilipewa karatasi ya jozi nyingine, nayo ikaamriwa kutekeleza kilichoandikwa tu, bila kuongeza akili yake. Karatasi moja ilisema hivi: chukua kete zote za shimo moja, ziweke moja moja katika mashimo yanayofuata, ukimaliza, kusanya tena pale ulipoishia uendelee. Msichana aliyepewa karatasi hiyo alizunguka, akazunguka tena, na kila kete yake ya mwisho ilipoangukia shimo tupu aliiokota peke yake na kuisogeza mbele, kwa kuwa karatasi haikumwambia asimame. Darasa zima lilicheka, hadi mmoja wa walioandika akapaza sauti: "Mwalimu, huu hauishi!" Waliketi wakaisoma karatasi yao mstari kwa mstari, wakaongeza sentensi moja: kete ya mwisho ikiangukia shimo lililokuwa tupu, simama.

Walichokigundua ni mzunguko usio na mwisho, kosa ambalo huwakuta waandishi wa programu hata baada ya miaka mingi kazini, na walikirekebisha kama wanavyokirekebisha wao. Ningependa walimu wazingatie kwamba hakuna aliyepigiwa mstari mwekundu. Kosa lilikuwa mali ya darasa zima, likatafutwa hadharani, likapatikana. Katika masomo mengine tumewazoesha watoto kuficha makosa yao, na mwalimu wa somo hili atalazimika kulifumua zoea hilo kabla hajafundisha kitu kingine chochote.

Zoezi la pili linahitaji kadi tano tu. Kadi ya kwanza huchorwa vidoto 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, na ya mwisho 1, kisha watoto watano husimama mbele ya darasa kwa mpangilio huo, kila mmoja akiwa na uhuru wa kuonyesha kadi yake au kuigeuza. Mtoto mwenye miaka 11 akiulizwa aonyeshe umri wake kwa kadi hizo, darasa litapata 8, 2 na 1, na kadi mbili nyingine zitageuzwa. Ukiandika 1 kwa kadi iliyo wazi na 0 kwa iliyogeuzwa, umri wake ni 01011. Wakiachwa wajaribu wenyewe, watagundua kwamba kila namba kuanzia 0 hadi 31 inapatikana, na kwamba hakuna inayopatikana kwa njia mbili. Ukiongeza watoto hadi wawe wanane, hesabu inafika 255, na hapo ndipo neno "baiti", yaani kundi la alama nane za 0 au 1, linapoweza kutajwa, likiwa jina la kitu ambacho wamekwisha kukifanya kwa mikono yao.

Zoezi la kobe lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walibuni huko Marekani lugha ya programu ya watoto iitwayo Logo, ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa kobe anayetembea kwa amri na kuchora mstari nyuma yake. Uwanjani, kobe anaweza kuwa mwanafunzi mwenye chaki au kijiti. Akiambiwa arudie mara 4 kwenda hatua 10 mbele na kugeuka nyuzi 90, atachora mraba, na watoto wengi hulipata hilo haraka. Utamu uko kwenye pembetatu. Kwa kuwa wamefundishwa katika hisabati kwamba kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60, karibu wote humwamuru kobe ageuke nyuzi 60, naye huondoka akielekea kusikotarajiwa. Ni mpaka mmoja wao asimame mahali pa kobe, ageuke kwa mwili wake, ndipo anapotambua kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani bali kwa ile ya nje, ambayo ni nyuzi 120, na kwamba akizunguka umbo zima hadi aelekee tena alikoanza amegeuka jumla ya nyuzi 360. Mwalimu wa hisabati ambaye hajapata kompyuta hata moja amefundisha hapo somo lake mwenyewe vizuri kuliko ubaoni.

Nasema mwalimu wa hisabati kwa makusudi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini una masomo manne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na kila mwalimu mkuu anajua kwamba kisichotahiniwa hukosa nafasi kwenye ratiba. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, somo la kompyuta ni la hiari. Kulidaia kipindi chake katika shule ya msingi ni kupigania kitu ambacho wengi hawatakipata karibuni. Kuliingiza ndani ya hisabati na sayansi kunawezekana muhula ujao.

Lugha nayo isiwe kisingizio. Tangu mwaka 2007 madarasa matatu ya mwanzo yanapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na Kiswahili sasa ni somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Amri, sharti, rudia, ikiwa, vinginevyo: maneno hayo yamo katika Kiswahili, na yanayolingana nayo yamo katika Kiganda, Kilugbara na Kiacholi. Mtoto anayefikiri hatua kwa lugha yake hana anachopoteza anapokuja kukutana na maneno ya Kiingereza kwenye skrini.

Siku kompyuta zinapofika, wawekeni watoto wawili kwa mashine moja hata kama zipo za kutosha, mmoja ashike kipanya na mwingine asome na kuelekeza, kisha wabadilishane kila baada ya dakika 10 kwa saa ya ukutani. Bila saa, nimeona mara nyingi mno, wavulana hushika kipanya na wasichana hushika daftari. Programu ya Scratch, ambayo watoto huitumia kuandika programu zao wenyewe, iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, haina gharama, hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye mashine, na inaweza kutumiwa kwa Kiswahili.

Iko elimu moja, ya kulinda habari za siri, ambayo haiwezi kungoja maabara, kwa sababu kifaa chake, yaani simu, kimekwisha kuingia nyumbani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data inakataza kwa jumla kukusanya habari binafsi za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, lakini sheria haimfuati mtoto anayetumwa kwa wakala wa pesa za simu akiwa na simu ya mama mkononi na namba ya siri kichwani. Hapo hesabu ya darasani inafaa. Namba ya siri yenye tarakimu nne inaweza kuwa yoyote kati ya 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Lakini mtu akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, anayekisia amebakiwa na namba zisizofika hata 100 za kujaribu, na akiujua umri wa mwenye simu zinabaki mbili tu. Mwalimu akimaliza hesabu hiyo ubaoni, asiwaulize watoto ni nani nyumbani kwao anayetumia mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu watamjibu.