Waraka mpya umefika skulini: usome vipi, uufanyie nini

Ukikaribia mwisho wa mwaka, simu za walimu wakuu wa skuli za maandalizi za Zanzibar, yaani za watoto ambao hawajafika darasa la kwanza, hujaa picha za karatasi zenye nembo. Moja inasema umri wa kuandikisha umebadilika, nyingine inataka fomu mpya za walimu. Ya tatu ni ya Bara kabisa, lakini imeshazunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Micheweni hadi Makunduchi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoleta hasara kubwa, kwa hivyo naanza nayo.

Elimu ya maandalizi si jambo la Muungano. Elimu ya juu ni ya Muungano, na Baraza la Mitihani pia, lakini mtoto wa maandalizi wa Zanzibar yuko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya hapa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima na kuyapa miaka 2. Bara, sera yao katika toleo la 2023 inataja mwaka 1 wa elimu ya awali. Skuli ikinunua vitabu na kupanga madarasa kwa hesabu ya mwaka 1, watoto wake hawalingani na wenzao wanapoingia darasa la kwanza. Sheria za mtoto nazo ni mbili: Bara wana Na. 21 ya 2009, sisi tuna Na. 6 ya 2011. Fomu ya kusajili kituo cha kulelea watoto iliyotoka Dodoma haina nguvu Chake Chake, hata uijaze kwa mwandiko mzuri namna gani.

Kwa hivyo ukipokea karatasi yoyote, anza juu: ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar au Jamhuri ya Muungano? Halafu tafuta maneno yanayoeleza mtoaji amepata wapi mamlaka, yaani sheria gani, kifungu gani. Kanuni isiyotaja kifungu cha sheria inayoizaa, itilie shaka. Picha iliyokatwa, isiyo na kumbukumbu nambari wala ukurasa wa saini, usiifanyie kazi mpaka afisa elimu wa wilaya akuthibitishie.

Baada ya hapo pima uzito wake. Sheria hupitishwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa saini na Rais. Kanuni hutungwa na Waziri na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Chini yake kuna miongozo, halafu nyaraka za Wizara, halafu barua iliyoandikwa kwa skuli yako peke yake. Waraka hauwezi kufuta kanuni. Ukiona vinagongana, andika barua kuomba ufafanuzi na ubakishe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani jibu la mdomo halitakusaidia siku ya ukaguzi. Hotuba ya bajeti ya Waziri inakuonyesha upepo unavuma kuelekea wapi, lakini haikulazimishi kitu. Muswada nao haujawa sheria, ingawa mimi nashauri usomwe mapema, maana kamati ya Baraza hupokea maoni kabla haujapitishwa na baadaye unakuwa umechelewa.

Namna ya kusoma. Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda hadi wa mwisho. Utachoka kabla ya kufika panapokuhusu. Anza na kifungu cha kuanza kutumika, kwa sababu tarehe ya saini, tarehe ya kuchapishwa na tarehe ya kuanza zinaweza kuwa tatu tofauti. Nenda kwenye tafsiri ya maneno: ikiwa "skuli ya maandalizi" imeelezwa kwa umri fulani, chumba chako cha watoto wa miaka 2 kinaweza kuwa kimetoka humo na kuingia katika mambo ya malezi, yanayosimamiwa na watu wengine. Kisha masharti ya mpito mwishoni, yanayosema waliosajiliwa zamani wana muda gani wa kujirekebisha, na kama kanuni za zamani zinaendelea mpaka zitungwe mpya. Halafu adhabu. Mwisho jaduweli, yaani majedwali yaliyoambatanishwa nyuma, ambako fomu na ada hukaa. Wengi hawafiki kwenye jaduweli, na huko ndiko kwenye nambari.

Kusoma peke yake hakutoshi. Lazima mabadiliko yashuke mpaka darasani. Tumia daftari moja la kaunta, si karatasi za kuchomeka, lenye safu hizi: tarehe tuliyopokea, chanzo na kumbukumbu nambari, kifungu kinachotugusa, tulivyokuwa tukifanya, tutakavyofanya, nani anashughulikia, mwisho lini, ushahidi uko faili gani. Safu ya "tulivyokuwa tukifanya" ndiyo inayorukwa sana, na bila yake hujui kama kuna kilichobadilika. Nusu ya nyaraka huwa zinakukumbusha jambo ambalo tayari ulipaswa kulifanya.

Chukua mfano wa nafasi ya mtoto darasani. Nambari hizi ni za mfano tu. Chumba chako ni mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30. Kiwango cha zamani kilikuwa mita za mraba 1.2 kwa mtoto: watoto 25. Kipya ni 1.5: watoto 20. Lakini mkaguzi mwenye kazi yake hapimi kuta, anapima sakafu iliyo wazi. Kabati, meza ya mwalimu na njia ya mlango vikila mita za mraba 4, umebaki na 26, yaani watoto 17. Ukikubali majina 25 mwezi wa Novemba, Januari una wazee 8 wa kuwaomba radhi, na pengine wameshalipa. Hapo swali si la futikamba tena: unafungua mkondo wa mchana, unatoa kabati nje, au unapunguza uandikishaji? Mkondo wa mchana unahitaji mwalimu mwingine mwenye cheti, kwa hivyo badiliko la sakafu linageuka badiliko la mishahara. Mimi huanza na kabati.

Umri nao una mtego wake. Andika tarehe kamili ya kuzaliwa kutoka kwenye cheti, siku, mwezi na mwaka, si "miaka 4". Sharti likibadilika kutoka "awe ametimiza kufikia Januari" kuwa "ndani ya mwaka", mtoto wa Machi anaingia au anatoka, na daftari lililoandikwa "miaka 4" halikupi jibu.

Kumbuka pia kwamba meza ya kupelekea maombi inaweza kuhama bila sheria ya elimu kuguswa. Mwaka 2017, kwa ugatuzi uliotokana na Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014, maandalizi na msingi yalishushwa kwenye mabaraza na halmashauri. Kwa hivyo kabla ya kupeleka faili, uliza wilayani maombi ya aina hiyo yanapokelewa wapi sasa.

Mengine hayapiti Wizara ya Elimu kabisa. Kima cha chini cha mshahara hutoka upande wa kazi, chini ya Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ukaguzi wa Zimamoto, kodi za Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) na leseni ya baraza la mji, kila kimoja kina tarehe yake. Jina la skuli kwenye vyeti vyote hivi liwe lile lile, herufi kwa herufi. Skuli nyingi zilianzishwa na kamati za madrasa, na huko cheti kimoja huwa na jina la jumuiya, kingine la jengo, cha tatu la mwenyekiti wa zamani. Maombi hukwama hapo, wala si kwenye ubora wa masomo.

Mara mbili kwa mwaka zinatosha kufanya mapitio makubwa. Ya kwanza wiki ya mwanzo ya Julai, mwaka wa fedha unapoanza na kodi na tozo zinapobadilika. Ya pili Oktoba, kabla hujachapisha fomu za kuandikisha za Januari. Chapisha fomu chache kwanza. Rimu nzima ya fomu zenye sharti lililokwisha ni hasara, na mzee mmoja lazima ataijaza ile ya zamani.