Bitiruti Haiponyi Upungufu wa Damu: Maswali Ninayoulizwa na Wazazi

Ninahudumu katika kliniki ya lishe Nairobi, upande wa Eastlands. Wiki haipiti kabla sijaletewa msichana wa shule aliyepauka viganja na midomo, na mama yake akaniambia, "Sista, bitiruti tumempa tangu muhula uliopita."

Upungufu wa damu ni nini?

Ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, kushuka kuliko inavyotakiwa. Kwa msichana wa miaka 12 na zaidi asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Wengi ninaowaona wamekosa madini ya chuma: chakula hakiyaleti, na hedhi inayachukua kila mwezi.

Kwani bitiruti haiongezi damu?

Haitamponya. Ule wekundu ni rangi ya mmea. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika miligramu 1, na msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku. Soda nyekundu ndiyo haisaidii kabisa, ni sukari na rangi.

Lakini jirani yangu alimpa wake, akapata nafuu.

Alipimwa kabla? Alipimwa baada? Mama, narudia: bitiruti haitamponya mtoto aliyeishiwa damu. Sikukatazi kumpa. Ninachokataa ni ile miezi mitatu ya kusubiri juisi ifanye kazi huku mtoto akizidi kupauka.

Binti yangu anakula na kushiba. Damu inaishaje?

Nikiuliza amekula nini jana, naambiwa chai na mandazi asubuhi, chipsi saa saba, ugali na sukuma usiku, kisha chai tena juu yake. Ameshiba, ndiyo, ila chuma ni kidogo, na hicho kidogo chai inakizuia kisiingie mwilini. Chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja. Chai ya maziwa pia, msinidanganye.

Mpe ndengu, maharagwe, githeri, terere au managu, na kachumbari ya nyanya mbichi au kipande cha chungwa pembeni, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Omena ni nzuri. Maini kidogo yakipatikana, vizuri zaidi. Hayo yote yako sokoni.

Anapenda kutafuna odowa, yale mawe laini. Ni tabia mbaya tu?

Mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, usimchape. Mmoja wa gredi ya 8 alikaa mbele yangu, mfuko wa sweta umejaa unga wa kijivu wa yale mawe. Niliweka kiganja chake kando ya kiganja cha mama yake. Mama alivitazama viwili hivyo akanyamaza. Nyumbani walikuwa wakimwita mvivu, kwa kuwa alilala kila akitoka shule.

Nimlete lini?

Akipauka, akichoka bila sababu au akila mawe, udongo au barafu, mlete wiki hii apimwe. Akihema kwa kupanda ngazi tu, moyo ukimwenda mbio akiwa ameketi, au akizimia, ni leo. Hedhi ikipita siku saba, au pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja au mbili, mlete pia, hata kama ninyi wakubwa mnaiona ya kawaida kwenu.

Msingoje shule zifungwe. Msingoje mtihani uishe. Nimewapokea waliongojewa hivyo, wakaishia kuongezewa damu wodini.

Alipewa vidonge vya chuma, choo kikawa cheusi. Tumeacha.

Mmekosea kuacha. Weusi huo ni chuma kilichobaki tumboni, hauna madhara. Vikimchafua tumbo, avimeze baada ya chakula, kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Baada ya himoglobini kurudi sawa, kwa kawaida huendelea navyo kama miezi mitatu zaidi ili akiba ijae. Rudini na kile kikaratasi cha maabara, hata kama kimekunjamana.