Pete mbili za Duquesa wa Alba

Tazama picha ya Duquesa wa Alba, bibi wa cheo cha juu wa Uhispania, na anza na mkono wake wa kulia. Kidole kinaelekeza chini, na hapo mchangani pameandikwa "Solo Goya", yaani Goya peke yake. Herufi zimepinduliwa: anayezisoma sawasawa ni yeye aliyesimama pale, si sisi watazamaji. Vidoleni ana pete mbili, moja ina jina Alba, nyingine Goya. Mchoraji wa Kihispania Francisco de Goya alichora picha hii mwaka 1797, na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hispanic Society, New York.

Kutokana na pete hizo watu wamejenga kisa kizima cha mapenzi. Mimi sina haraka hiyo. Picha ilibaki kwa mchoraji. Mwaka 1812 bado ilikuwa nyumbani kwake, na neno "Solo" lilikuwa limefunikwa kwa rangi hadi iliposafishwa karne ya 20. Hayo ni ya moyoni mwa Goya. Ya bibi mwenyewe tuyatafute kwingine.

Duquesa huyo, María Teresa Cayetana de Silva, alizaliwa Madrid mwaka 1762. Aliozwa akiwa na miaka 12 tu, na mwaka uliofuata, 1776, babu yake alipofariki, akarithi cheo na mali ya ukoo wa Alba, miongoni mwa makabaila wakubwa kabisa wa Uhispania. Hakujaliwa kupata mtoto. Mumewe alifariki mwaka 1796, ndiyo maana wengi wakiona vazi jeusi husema ni la ujane. Hilo ni nusu ya jibu. Mtandio wa lesi na mshipi mwekundu kiunoni ni mitindo ya wanawake wa uswahilini kwa Madrid ya wakati ule, walioitwa maja, na mabibi wa majumba makubwa waliiiga kwa maringo.

Nyumbani kwake alilelewa binti mdogo mweusi, María de la Luz. Goya alimchora akiwa amepakatwa na Duquesa, na katika wosia wake bibi huyo alimtengea fungu. Lakini Uhispania ilikuwa bado na watumwa, kwa hiyo tusikimbilie kuyaita malezi hayo huruma tupu.

Duquesa alifariki mwaka 1802, akiwa na miaka 40. Mitaani ikavuma kwamba amelishwa sumu. Madaktari waliofukua na kuchunguza mabaki yake mwaka 1945 walihitimisha kwamba aliuawa na maradhi.